KISHA: NENO MOJA LA KUUNGANISHA VITENDO KATIKA PROGRAMU

Huenda ukashangaa kukuta makala ya kompyuta katika jarida la Chama cha Kiswahili. Tafadhali usifunue ukurasa na kukimbilia vichekesho. Jambo ninalotaka kulieleza ni la sarufi, tena sarufi ile ile tunayofundishwa darasani, yaani mpangilio wa maneno katika sentensi, au kama wasemavyo wataalamu, sintaksia. Kompyuta nayo ina sentensi zake. Na kuna mahali pamoja katika sentensi hizo ambapo wataalamu wa ng'ambo wamebishana kwa miaka, ilhali Kiswahili kilikuwa na jibu tayari.

Tuanze na mbuzi, maanake hapa kwetu Kajiado mbuzi anaeleweka na kila mtu. Tuseme mfugaji amefika mnada wa Bissil na mbuzi sita. Uzito wao kwa kilo ni 18, 31, 24, 27, 22 na 35. Mnunuzi anataka wale wa kilo 25 na zaidi peke yao, naye analipa, kwa ajili ya mfano tu, shilingi 300 kwa kila kilo. Je, mfugaji atatia mfukoni pesa ngapi? Kwanza unawachuja, wanabaki wa 31, 27 na 35. Kisha unazidisha uzito wa kila mmoja kwa 300, unapata 9,300, 8,100 na 10,500. Kisha unajumlisha: shilingi 27,900. Vitendo ni vitatu, na kila kimoja kinapokea kile kilichotolewa na mwenzake aliyetangulia. Huo ndio mnyororo wa vitendo ninaouzungumzia.

Sasa hebu tazama jinsi kazi hiyo inavyoandikwa katika lugha nyingi za programu. Maneno nimeyaweka kwa Kiswahili, lakini umbo ni lile lile la kigeni:

jumla(bei(chuja(mbuzi, 25), 300))

Soma mstari huo kwa sauti. Jicho linaanza na "jumla", ambacho ni kitendo cha mwisho kabisa! Halafu "bei", halafu "chuja", na mbuzi wenyewe, ambao ndio chanzo cha mambo yote, wamefichwa katikati ya mabano kama wamefungiwa zizini. Na ile 300 kule mwishoni ni ya nani? Ya bei. Lakini iko mbali sana na bei, na kati yao kuna kitendo kingine kizima. Ni lazima uhesabu mabano kwa kidole ndipo ujue.

Muhula wa kwanza mwalimu wetu wa kompyuta aliandika ubaoni mstari wa namna hii, akauliza ni kitendo gani kinachotangulia. Wengi wakanguruma, "Jumla!" Hawakuwa wajinga. Walisoma kama tunavyosoma kila kitu kingine, kuanzia barua hadi gazeti, kutoka kushoto kwenda kulia. Kompyuta ndiyo inayoanza ndani ya mabano na kutoka nje, kama mtu anayejaribu kumenya kitunguu kuanzia katikati.

Pengine utasema, "Si makosa madogo tu hayo?" La hasha! Badilisha mpangilio wa vitendo viwili vya kwanza uone. Mtu akitafuta bei kabla ya kuchuja, kila mbuzi anageuka kuwa fedha: aliye mdogo kabisa, yule wa kilo 18, anakuwa 5,400. Sasa chuja ukitafuta nambari za 25 na zaidi. Zote zinapita, kwa sababu 5,400 imezidi 25. Jumla inakuwa shilingi 47,100 badala ya 27,900. Kompyuta haitalalamika hata kidogo, wala taa nyekundu haitawaka. Mfugaji atatembea akiamini anadai shilingi 19,200 zaidi ya haki yake, na mnunuzi atamwita mwizi.

Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa jambo hili linatuumiza kuliko watu wengine, na sababu yake ni rahisi. Kompyuta ni chache na wanafunzi ni wengi. Jioni kengele ikilia kila mtu anashika njia yake ya nyumbani, wengine kuelekea Kiserian na wengine kuteremka upande wa Magadi huku upepo wa hapa Kona Baridi ukiwasukuma, na nyumbani hakuna mashine ya kujaribia. Kwa hiyo programu tunaisoma kwenye karatasi mara kumi kabla ya kuiona ikitembea mara moja. Mtoto mwenye kompyuta chumbani anaweza kukosea, akabonyeza, akaona, akarekebisha. Sisi kosa tunapaswa kulikamata kwa macho. Kanuni za msingi za uandishi wa programu ziko katika silabasi ya kidato cha tatu, na ndicho kidato ambacho watu huamua ni masomo gani wataendelea nayo hadi mtihani wa KCSE. Wenzetu kadhaa waliliacha somo la kompyuta. Mmoja aliniambia ati yeye hawezi kusomea kitu kinachosomwa kinyumenyume. Mimi naona alikuwa na haki ya kulalamika. Sintaksia ilimfukuza kabla hata hajafika kwenye hesabu.

Kuna njia ya kuukwepa mkanganyiko huo, nayo ni kukipa kila kituo jina:

fanya waliobaki = chuja(mbuzi, 25)
fanya fedha = bei(waliobaki, 300)
fanya jawabu = jumla(fedha)

Hapa unasoma kutoka juu kwenda chini bila taabu. Lakini majina "waliobaki" na "fedha" umeyaunda ili uyatumie mara moja tu na kuyasahau. Ni kama kumpa jina kila mbuzi anayepelekwa kichinjioni. Programu ikiwa ndefu majina yanajaa, na siku moja mtu ataandika "fedha" mahali alipokusudia "waliobaki".

Wazo la kuvipanga vitendo kwa mstari ulionyooka si geni. Tarehe 11 Oktoba 1964, Doug McIlroy wa maabara ya Bell Labs huko Marekani aliandika waraka mfupi akipendekeza kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani. Ukihitaji kazi nyingine, unafunga kipande kingine cha mpira mbele. Alingoja miaka tisa. Mwaka 1973 mwenzake, Ken Thompson, alilitia wazo hilo ndani ya mfumo wa Unix, na inasimuliwa kwamba kazi yenyewe ilimchukua usiku mmoja. Wakaliita bomba. Sisi wa kaunti hii hatuhitaji kuelezwa bomba ni nini. Maji ya chemchemi za Nolturesh, kule Loitokitok chini ya Mlima Kilimanjaro, yalijengewa bomba la kuyasafirisha kupitia Kajiado na Isinya hadi pande za Kitengela na Machakos. Hakuna anayeyakinga kwa ndoo katika kila mji na kuyamwaga tena mbele. Yale majina yetu "waliobaki" na "fedha" ndizo ndoo.

Lakini sikiliza kisa cha alama. Mwanzoni bomba la Unix liliandikwa kwa alama ya >, ambayo tayari ilikuwa na kazi nyingine ya kupeleka matokeo kwenye faili. Alama moja, kazi mbili! Watu wakachanganyikiwa. Muda si muda Thompson akaibadilisha, akaweka mstari uliosimama wima, |, na huo ndio unaotumika hadi leo. Wazo halikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni maandishi tu, na bomba likaanza kusomeka.

Baadaye lugha nyingine zikafuata. Mwaka 1994 Tobias Nipkow alipendekeza alama ya |> katika mfumo wa kuthibitisha hesabu uitwao Isabelle. Lugha ya F# ikaichukua na kuipa umaarufu, na Elixir, lugha iliyoanzishwa na Mbrazili José Valim, ikaiga. Wenye lugha ya R, ambayo ni ya takwimu, walitengenezewa alama ya %>% mwaka 2014 katika kifurushi kiitwacho magrittr. Jina hilo ni utani juu ya Magritte, mchoraji wa Ubelgiji aliyechora kiko cha kuvutia tumbaku na kuandika chini yake kwamba hicho si kiko. Kwa Kiingereza bomba na kiko ni neno moja, basi wao wanacheka. Kwa Kiswahili utani huo umekufa kabla ya kuzaliwa. Mwezi Mei 2021 R yenyewe, toleo la 4.1.0, ikapata |> ya kuzaliwa nayo, na Novemba 2025 lugha ya PHP ikaipokea katika toleo lake la 8.5.

JavaScript ndiyo iliyokwama. Pendekezo la kuitilia bomba lilifikishwa mbele ya kamati yake, likapanda hadi hatua ya pili mwezi Agosti 2021, na kufikia 2025 lilikuwa bado pale pale. Kwa nini? Kwa sababu ya shimo.

Nieleze shimo ni nini. Mfugaji wetu amepata 27,900, anataka kujua wastani kwa kila mmoja wa wale mbuzi watatu. Kitendo cha gawa kina nafasi mbili: kinachogawanywa na kinachogawanya. Gawa(27900, 3) ni 9,300. Gawa(3, 27900) ni kipande kidogo kisicho na maana yoyote mnadani. Je, bomba likileta 27,900, liimwage katika nafasi ipi? Elixir husema siku zote iwe nafasi ya kwanza. F# husema ya mwisho. Kila moja ina sababu zake, lakini msomaji hawezi kuona kwa macho. Inambidi akumbuke sheria ya lugha. Kundi moja la JavaScript lilitaka kila kitendo kiwe na nafasi moja tu, ili swali lisizuke. Kundi la pili likataka shimo lionekane wazi, liwekewe alama. La pili ndilo lililofaulu mwaka huo wa 2021, lakini baada ya hapo wakaanza kubishana ni alama gani. Wengine %, wengine ^^, wengine @@. Watu wazima wenye kazi!

Basi tuwaache hapo tuje nyumbani. Chukua sentensi hii: "Naserian alichota maji, akayachemsha, akayapoza, akayanywa." Tuichambue kama tulivyofundishwa. Kitendo cha kwanza kina -li-, na vinavyofuata vyote vina -ka-. Hakuna anayeanza hadithi kwa -ka- bila kitu cha kuiegemeza. Lazima kitangulie kitendo cha kuifunga hadithi mahali. Vilevile mnyororo wa programu hauwezi kuning'inia hewani, unahitaji kuanza na kitu halisi, kama orodha ya mbuzi. Kisha -ka- inakuambia, bila alama wala mabano, kwamba kitendo hiki kinafuata kile. Na sasa tazama hiyo -ya- iliyo ndani ya "akayachemsha". Ni kiambishi cha mtendwa. Kinakuonyesha hasa mahali maji yanapoingia katika kitendo. Hilo ndilo shimo wanalolibishania! Mswahili amekuwa akilijaza tangu zamani, na mtoto wa darasa la kwanza hulitumia bila kufikiri.

Hata ndani ya neno moja tuna mnyororo. Piga, ukiongeza -an- unapata pigana, ukiongeza -ish- unapata piganisha, yaani kuwafanya watu wapigane wao kwa wao. Lakini anza na -ish-, kama sajini anavyowapigisha askari kwata, kisha -an-: pigishana kwata, kila mmoja akimsimamia mwenzake. Viambishi ni vile vile, mpangilio umegeuka, na maana imegeuka. Na unavisoma kwa mfuatano ule ule vilivyofanya kazi, kutoka kwenye mzizi kwenda mbele. Nani alisema programu lazima zisomwe kutoka mwisho?

Lugha ya programu ya Kiswahili ipo tayari. Inaitwa Nuru, yenye asili yake Tanzania. Ndani yake unaandika "fanya" kuweka jina, "unda" kutengeneza kitendo, "rudisha" kutoa jawabu, "kama" na "sivyo" kwa masharti, "wakati" kwa marudio, na "andika" kuonyesha matokeo. Kama lugha nyingi ina nukta pia: ukiandika mbuzi.idadi() utapata 6. Nukta ni nzuri kwa kuunganisha, kwani inasomeka kwenda mbele. Kasoro yake ni kwamba nukta inaviita vitendo ambavyo orodha imezaliwa navyo tu. Kitendo cha bei nilichokiunda mwenyewe jana usiku hakimo humo, na hapo narudishwa kwenye mabano.

Pendekezo langu basi ni maneno mawili: kisha na hicho.

mbuzi
kisha chuja(hicho, 25)
kisha bei(hicho, 300)
kisha jumla(hicho)
kisha gawa(hicho, 3)

Jawabu ni 9,300. Msomee nyanya yako mistari hiyo. Hajui kompyuta, lakini atakuambia kazi inaanzia wapi na kuishia wapi. Nambari 300 imekaa karibu na bei yake. Na swali la gawa halipo tena, kwa maana shimo linaonekana. Anayetaka kugeuza ataandika gawa(3, hicho) na kila mtu atamwona.

Kwa nini "hicho" na si "hiki"? Wanachama wa Chama hiki wanajua. Hiki kipo karibu nami. Hicho, chenye -o ya rejeshi, ni kile tulichokwisha kukitaja. Matokeo ya kitendo kilichopita ni kitu kilichotajwa tayari. Najua atatokea wa kusema kwamba mbuzi ni "hao" na bei ni "hiyo", kila ngeli na kiambishi chake. Ni kweli, lakini kompyuta haijui ngeli, na neno moja linatosha kwa kuwa tunasema "hicho kitu".

Aidha, mtu anaweza kuuliza mbona nisitumie -ka- yenyewe, maadamu nimeisifu hivyo. Jaribu: "mbuzi akachuja". Sasa mbuzi ndiye anayechuja! Kiambishi -ka- kinadai mtenda, na katika programu mtenda ni kompyuta yenyewe ambayo haitajwi. Kisha haidai mtu.

Nimeyajadili haya na rafiki zangu nao wamenipinga kwa hoja nne tano, nyingine za mzaha. Wawili walikuwa na hoja za maana.

Wa kwanza alisema |> inajulikana duniani, na anayeizoea atahamia Elixir au PHP bila shida. Hilo siwezi kulikana. Lakini Nuru imekwisha kutuandikia "kama" na "wakati" kwa Kiswahili, na anayetaka kuhamia kwingine atajifunza maneno ya huko. Mtu anayejua mnyororo ni nini hatashindwa na alama. Anayeshindwa ni yule ambaye hajaelewa mnyororo kwa lugha yoyote. Tena mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na sekondari, kwa hiyo wanaoanza ni wadogo zaidi yetu. Hao ndio ninaowafikiria.

Wa pili aliuliza: itakuwaje kitendo cha katikati kikikosa cha kutoa? Hapa pana ugumu. Tuseme siku hiyo mbuzi wote ni wa chini ya kilo 25. Chuja inatoa orodha tupu. Bei ya orodha tupu ni orodha tupu, jumla yake ni sifuri, na sifuri ikigawanywa kwa 3 ni sifuri. Mnyororo umefika mwisho salama na umetoa jawabu lisilo na maana, kwa sababu ile 3 tuliiandika kwa mkono tukidhani mbuzi watatu wamebaki. Bomba la maji likipasuka njiani, wa mwisho anaona mfereji umekauka tu, hajui ni wapi. Maoni yangu ni kwamba kisha isijifanye daktari wa mambo haya. Kitendo kikishindwa, mnyororo usimame hapo hapo na useme ni mstari wa ngapi. Na pale unapohitaji idadi ya waliobaki, kata mnyororo, kipe kituo hicho jina, uendelee. Ndoo moja mahali inapohitajika si dhambi. Mimi mnyororo unaozidi vitendo sita ningeukata kwa vyovyote, maana hicho ya nane haikumbuki tena ilitoka wapi.

Limebaki suala la kisha na halafu, ambalo limewagawa watu hata nje ya darasa la kompyuta. Halafu ndiyo tunayoitumia tukizungumza, tena wengi wetu tunasema "alafu". Mimi nashikilia kisha kwa ajili ya asili yake. Imetokana na kwisha. Inasema kilichotangulia kimekwisha ndipo hiki kianze, na ndivyo hasa mabano yetu yalivyofanya: bei haianzi mpaka chuja imalize. Bomba la Unix si hivyo. Humo programu ya pili inaanza kunywa wakati ya kwanza ingali inamimina, zote zikifanya kazi kwa pamoja. Kwa hiyo bomba na kisha ni mambo mawili, na lugha ya Kiswahili ikitaka baadaye kuwa na mnyororo wa kutiririka itauhitaji kwa neno lake, labda "huku".

Programu ya Nuru iko wazi kwenye GitHub, imeandikwa kwa lugha ya Go, na yeyote anaweza kuisoma na kupeleka pendekezo. Nimeanza kuandika langu kwa daftari. Wenye kupendelea halafu nao waandike lao tuyalinganishe katika kikao cha Chama, lakini waje na mfano wa mbuzi, wasije na kelele tu.